Pweza Asiyepewa Dadu

Katika nchi ya Mezani hakuna aliyemdhuru kiumbe wa majini kwa miaka tisini. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni huambiwa, nami niliambiwa na watu watatu mbalimbali kabla sijavua viatu. Nilifurahi kulisikia. Kwetu mimi na mama yangu tulikula kwa kuchokoa pweza bahari ikipwa, na mara nyingi nilijiuliza kama wapo watu wanaoweza kuishi kando ya maji bila kuua.

Nchi hiyo imelizunguka ziwa. Ni ziwa la maji matamu, lakini lina pweza. Mimi nilishangaa, na wenyeji wakashangaa zaidi kusikia kwamba kwetu pweza hukaa kwenye chumvi. Waliona ni ukatili.

Jina la nchi limetokana na meza ya mawe, pana kama ua wa harusi, ambako mambo yote huamuliwa. Juu yake wamechonga ziwa, mifereji na mashamba. Kila mwenye shauri huwekewa kisanamu chake cha udongo mahali anaposimama. Mkuu wa Meza huieleza hali ilivyo, kisha huuliza swali ambalo sheria inamtaka aliulize kwa maneno hayohayo: "Nanyi mnafanya nini?" Kila mtu kwa zamu husema anachofanya, hutupa dadu ya pande ishirini, na Mkuu hutangaza kama kimefanikiwa. Kikifanikiwa mezani, ndipo watu huenda kukifanya ziwani. Mara nyingine hawaendi, kwa kuwa kimekwisha kufanikiwa.

Kila mtoto wa Mezani hujifunza uganga mmoja, akakaa nao maisha yake yote. Uganga umeandikwa katika vitabu viwili. Kitabu Chekundu kina uganga unaodhuru, kama moto, radi na sumu. Hautumiki mpaka wakuu saba watie muhuri, na anayepigwa uganga huo hupewa dadu ya kukataa. Akipata namba kubwa, haumpati. Hata nyoka hupewa dadu hiyo, na Mkuu humtupia. Kitabu Cheupe kina uganga usiodhuru: kumulika, kutakasa maji, kulaza watoto, kutia chakula ladha. Huo hauhitaji muhuri, na anayepigwa nao hapewi dadu.

Nilimuuliza karani wa Meza sababu. Aliitwa Vuai, kijana mwembamba ambaye daftari halikumtoka kwapani hata akila.

"Dada," akaniambia, "nani hukataa hisani?"

Kwa hiyo watu wa Mezani wamekuwa mafundi wa Kitabu Cheupe kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Fisi maji walipokuwa wakichimba kingo za mifereji, walitiwa harufu ya waridi. Tangu hapo samaki waliwanusa kutoka mbali, na fisi maji wakahama kwa njaa. Mamba aliyependa kukaa gatini aliimbiwa uganga wa kulaza watoto, akalala, nao wakaendelea kumwimbia msimu mzima, mpaka wakawa wanafungia mitumbwi yao mkiani pake. Bwawa moja lilikuwa na kambale waliouma miguu ya wafuaji nguo. Wakayatakasa maji yake mpaka ukaweza kuona sindano chini. Kambale ni samaki wa matope, hawakumaliza wiki. Vuai alinionyesha mstari wenyewe katika daftari. Ulisema: Maji yalitakaswa. Hakuna aliyedhurika.

Nilifikia kwa Mize, mwanamke wa rika langu aliyekaa peke yake chini kabisa ya mfereji mkuu. Uganga wake ulikuwa wa kutembea juu ya maji, na kazi yake ilikuwa kuvusha wajawazito na wagonjwa. Humnyooshea mtu mkono, hutamka maneno manne, na kwa mchana mmoja na usiku wake maji humbeba mtu huyo kama sakafu. Mize mwenyewe maji yalimbeba siku zote. Tangu utotoni hakuwahi kulowa zaidi ya nyayo. Alioga kwa kata, kama mtu wa nchi kavu.

Alikuwa na kitalu cha miche ya mpunga, na kitalu hicho kilikuwa kinakufa. Siku kumi kabla ya kufika kwangu, pweza mkubwa aliingia katika Mlango wa Maji, pale ziwa linapoingia mferejini, akajizungushia mawe na kukaa. Maji yaliyobaki yalikuwa kama mkojo wa mbuzi, na kitalu cha Mize kilikuwa cha mwisho kwenye foleni ya kuyapata.

"Siku tatu zaidi," alisema, akivunja kidonge cha udongo mkavu kwa vidole, "halafu nitakuwa nimepanda makuti."

"Mmemfanya nini mpaka sasa?"

"Tumemfanyia kila wema. Bi Mwaka kamtilia maji ladha ya pilipili. Vijana wamemmulika usoni. Juzi wamempulizia harufu ya asumini. Hatoki."

"Anakula?"

"Tumemrushia kaa, hakumgusa. Ana kiburi tu."

Nikaenda kumtazama. Alijaa mlangoni, kila mkono mnene kama paja langu, na ngozi yake ilikuwa imefifia ikawa rangi ya majivu. Nyuma yake, kwenye dari ya pango la mlango huo, niliona vishada vyeupe vikining'inia, naye akivipulizia maji taratibu.

Nilijua. Nasema hivi mapema, nisije nikajifanya baadaye kwamba nilitambua polepole. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba, kwa kunipiga mkono uliokuwa na mti wa kuchokolea: pweza aliyefifia, asiyemtaka hata kaa, muache. Ana mayai. Hali kitu mpaka yaanguliwe, na yakianguliwa naye anakufa. Ukimtoa huyo, umetoa ukoo mzima.

Nilikusudia kumwambia Mize jioni ileile. Lakini alikuwa amenipa godoro lake yeye akalala kwenye mkeka, na nilimwona akimwagia miche maji aliyooshea vyombo. Niliona haya kumwambia mwenye nyumba kwamba anayemuulia kitalu aachwe. Nikasema nitalisema kesho, mezani, kwa kuwa mgeni hupewa zamu moja.

Kesho yake watu wapatao sitini waliketi. Hawakuwa na kisanamu changu, kwa hiyo waliniwekea kizibo cha chupa. Mkuu wa Meza, Bwana Shaame, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Hata akikukatalia jambo unaondoka umeridhika. Aliinua kisanamu cha pweza akakigonga mlangoni.

"Pweza amelala katika Mlango wa Maji. Vitalu vinakauka. Nanyi mnafanya nini?"

Mwanamume mmoja mwenye shamba kubwa akataja Kitabu Chekundu. Watu wakaguna kana kwamba ametaja choo wakati wa kula.

"Miaka tisini, ndugu yangu," Bwana Shaame akamwambia kwa huruma. "Usiivunje wewe."

Ndipo Vuai akafungua daftari. "Bwana Mkuu, nimesoma usiku kucha. Uganga wa Mize, kitabu hakisemi kwamba mtu lazima awe juu ya maji kabla ya kupewa. Kinasema tu: maji yatambeba. Basi akipewa aliye chini…"

"Atapanda," akasema mtu.

Pumzi ya kustaajabu ikazunguka meza nzima, kama sinia la biriani linapofunuliwa. Mize peke yake alikuwa akitazama kitalu chake kilichochongwa ukingoni pa meza.

Bi Mwaka, mwanamke mzee wa uganga wa ladha, aliyekuwa akipikia harusi zote za nchi, akainua kidole. "Akishapanda, akitaka kushuka?"

"Ashuke aende wapi, shangazi?" Vuai akajibu. "Kapewa kutembea juu ya maji. Wapo waliozaliwa humu wakafa wanautamani uganga huo."

"Mimi sikuuliza wanaoutamani."

"Tutamvuta kwa kamba laini mpaka ng'ambo," akasema Bwana Shaame. "Huko atapata pango zuri kuliko hili. Mgeni wetu, nawe unafanya nini?"

Nyuso sitini zikanigeukia. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwepo, yamekaa nyuma ya meno kwa mpangilio mzuri. Nilifungua mdomo.

"Napita," nikasema.

Mize akatupa dadu, akapata kumi na nane. Watu wakapiga makofi.

Asubuhi hiyohiyo tukaenda mlangoni. Mize alitembea juu ya maji mpaka juu ya pango, akanyoosha mkono, akatamka maneno yake manne. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha pweza akaanza kupanda, mkono mmoja baada ya mwingine ukibanduka kwenye jiwe, mpaka akatokea juu na kutandikwa pale, kwenye jua, kama nguo iliyoanikwa. Watu walishangilia. Maji ya mferejini yaliongezeka kidogo, si sana, maana mawe aliyojizungushia yalibaki palepale.

Walipomfunga kamba wakavuta, aliikata. Walipomfunga tena, aliikata tena. Hakuwashambulia, hakuwa na habari nao. Alikuwa akishuka. Aliweka mkono juu ya maji akasukuma, na maji yakamkatalia. Akaweka mwingine. Kisha akaweka yote minane na kuugandamiza uso wa ziwa, akiupapasa kila mahali, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani. Chini yake, katika maji yaliyo safi, samaki wadogo walikwisha kuanza kuingia pangoni.

Mize aliniita. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magoti, ukingoni.

"Mwenzangu, wewe umetoka kwenye pweza. Ana nini huyu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na kwamba nilijua tangu jana, na kwamba mezani nilipita. Nilitegemea anitukane.

"Yataanguliwa lini?" akauliza.

"Kwa jinsi alivyofifia, wiki moja. Siku kumi. Halafu mwenyewe atakufa, na mlango utafunguka."

Alitazama upande wa kitalu chake. Kutoka pale kilionekana kama leso ya kijani iliyosahauliwa juani. Kisha akamgeukia Bwana Shaame, aliyekuwa kwenye ukuta wa mfereji na mwavuli wake.

"Bwana Mkuu, nataka nimrudishe."

"Umrudishe kutoka wapi, mwanangu? Hajafanywa kitu." Alisema kwa upole wa kweli. "Uganga mweupe hauna cha kurudisha. Na unajua mwenyewe, ukiukatiza kabla ya wakati wake unakutoka moja kwa moja. Wagonjwa watavushwa na nani? Subiri kesho asubuhi, utakwisha wenyewe."

"Kesho asubuhi hapatakuwa na yai."

"Hilo watakuwa wamelifanya samaki," akasema Vuai.

Bi Mwaka hakusubiri zamu. Alikunja kanga yake, akaingia mpaka magotini, akatamka maneno anayotamka juu ya masufuria. Maji ya pangoni yakawa machungu kama shubiri. Tulijua kwa sababu pweza alipoyapiga matone yaliturukia midomoni. Samaki wadogo wakatoka mbio.

"Uchungu wangu hukaa kama muda wa kupika maharage," akamwambia Mize. "Ukiwa na la kufanya, mwanangu, lifanye."

Mize akaketi juu ya maji, uso kwa uso na pweza. Sijui walitazamana au la. Jicho la pweza halisomeki. Akayatamka maneno yake manne kutoka la mwisho kwenda la kwanza.

Wakazama wote wawili kwa pamoja.

Pweza alikwenda chini moja kwa moja. Mize alikwenda popote, maana hakujua maji yanafanya nini yakimkubali mtu. Kina kilikuwa cha kifuani tu, lakini hakujua kwamba chini kuna chini. Nilimfikia, nikamshika nywele, kisha mkono, nikamsimamisha. Alikohoa, akajitazama alivyolowa, akashika maji kwa viganja na kuyaacha yamwagike, mara nyingi.

Alasiri Meza iliketi tena. Shida yao ilikuwa hii: Mize amefanya kosa gani? Vuai alipekua vitabu vyote viwili. Hakuna kosa la kukatiza wema, kwa kuwa halijawahi kutokea. Mwenye shamba kubwa alisema basi pweza apandishwe kwa njia nyingine. Zikatajwa njia tano, zote nyeupe.

"Mgeni alishapita," Vuai akasema aliponiona nimesimama. "Zamu yake imekwisha."

"Najua," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi wanyamaze ili waisikie. "Siombi zamu yangu. Naomba ya pweza. Mpeni dadu ya kukataa."

Walicheka, si kwa ubaya.

"Ataitupa kwa mkono upi, dada?" akauliza Vuai. "Anayo minane."

"Wowote."

Bwana Shaame hakucheka. Aliinama mbele kunielekea. "Shida, binti, ni hii. Tukimpa pweza, kesho mgonjwa anayevushwa naye ataidai."

"Akidai mpeni," akasema Bi Mwaka. "Mimi mwaka juzi mlinivusha kwenda kwa mwanangu ng'ambo, mkisema nimezeeka, nisikae peke yangu. Mliniuliza? Nilitembea juu ya maji nalia mpaka huko, nikarudi mwenyewe kwa mtumbwi. Mkaandika sikudhurika."

Vuai alifungua daftari mahali fulani, akalifunga.

Bwana Shaame alifikiri kwa muda mrefu, na nadhani alifikiri kwa haki, kadiri Meza inavyomruhusu mtu. Mwishowe aliamua kwamba pweza apewe dadu, mara hii tu, na kwamba ihesabiwe kama ilitupwa asubuhi. Akaishika kwa niaba yake, akaitupa. Ilizunguka kwenye ziwa la mawe ikasimama kwenye nne.

"Nne," akasema kwa huzuni. "Hakukataa."

Vuai akaandika: Pweza alipewa uganga mweupe, akakubali, akavushwa ng'ambo. Mlango wa Maji uko wazi. Hakuna aliyedhurika. Bwana Shaame akakiinua kisanamu cha pweza, akakiweka ng'ambo ya ziwa la mawe, kwenye pango zuri.

Nilichelewa kuelewa kilichotokea; Bi Mwaka ndiye aliyenibana mkono chini ya meza ninyamaze. Kwa mujibu wa daftari mlangoni hapakuwa na pweza, na shauri lililofanikiwa halifunguliwi tena. Mwenye shamba kubwa alipoanza kusema maji hayaji, aliambiwa yanakuja, na akaonyeshwa mstari. Hakuna mtu aliyeweza tena kumfanyia pweza wema wowote.

Lakini mpunga hausomi madaftari. Jioni nilichukua ndoo ya Mize nikaenda kuteka maji ziwani. Mize alikuja na sufuria. Siku ya pili Bi Mwaka alikuja na ndoo yake ya harusini, na siku ya nne hata yule mwenye shamba kubwa alituma watu wake wawili, wakateka kwanza kwake, kisha kwetu. Wapita njia walisimama kututazama. Mmoja aliniuliza kwa adabu uganga huu wa ndoo umo katika kitabu gani. Nilimwambia sijui, sikusoma sana. Nusu ya miche ilikufa. Nusu nyingine ilisimama, ya njano, lakini ilisimama.

Mize hakuvusha mtu tena. Wagonjwa walibebwa kwa mtumbwi, na wengine walinung'unika kwamba mtumbwi unatikisika. Kila alasiri, baada ya kuteka, alikwenda mlangoni akaingia majini mpaka kiunoni, akishika jiwe. Alisema anajifunza. Siku moja nilimsikia akicheka huko peke yake, maji yamemwingia puani.

Siku ya tisa mayai yalianguliwa. Tulifika asubuhi tukamkuta pweza amelegea, mweupe kabisa, mikono yake ikiyumba na mkondo. Mawe aliyoyashikilia yalikuwa yameanza kuporomoka, na maji yakapita mferejini kwa kelele. Wanawe walikuwa wakitoka pangoni kwa mamia, wadogo kama punje, kila mmoja ana mikono yake minane na macho yake mawili meusi. Mize alikwisha kuingia. Alisimama katikati yao, maji kiunoni, mikono ameiinua juu asiwaguse, nao wakampita kulia na kushoto, wengine wakipumzika kidogo kwenye kanga yake kabla ya kuendelea.

Vuai alikuja akikimbia. Mtu alikuwa amemwambia mlango umefunguka, na daftari lilisema ulikwisha kufunguka siku tisa zilizopita, kwa hiyo alikuja bila daftari. Alivua viatu ukingoni, akapandisha suruali, akainua mguu kuingia.

"Vuai," Mize akamwambia taratibu, bila kugeuka. "Usiingie hivyo. Bado wanapita."

Karani akabaki palepale, mguu mmoja hewani.